Mama wa Kopi Ajaza Hojaji

Mama anayetutolea kopi mkabala na chuo chetu hapa Voi hulainisha kila rundo la karatasi kwa kiganja kabla ya kulipiga stepla. Kucha zake hazikosi wino, na kila mteja akiondoka hufuta vumbi la barabara juu ya mashine. Kicheko chake hukisikia ukiwa bado getini. Sisi wa saikolojia hutuita madaktari. "Daktari Nasimiyu, leo wagonjwa wangapi?"

Jumanne nilimpelekea hojaji ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu, kuhusu msongo wa mawazo, anitolee nakala arobaini. Nikamwomba ajaze moja kwanza, nione kama maswali yanaeleweka. Nilimwomba yeye kwa sababu sikumjua mtu mchangamfu kuliko yeye. Aliijaza akiwa amesimama, huku akitaniana na mtu wa bodaboda, akanirudishia na kuiwasha mashine itoe zile arobaini. Swali la tisa liliuliza kama katika wiki mbili zilizopita umefikiria kujiua. Alikuwa ametia alama penye "karibu kila siku".

Miaka mitatu nasoma dalili, na miaka mitatu nasimama mbele yake.

"Mama, hapa umekosea?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

Aliitazama alama. "Sijakosea. Swali lako linaeleweka vizuri."

Mashine ilikuwa ingali inatema nakala. Nikazunguka kaunta, nikaizima.

"Funga duka, mama. Mwalimu wangu ni mshauri nasaha. Twende kwake pamoja, sasa hivi."

Alikawia kutafuta funguo, lakini alifunga.