Perege wa Kalista na Baridi ya Ufipa

Dada yangu mkubwa Kalista alipenda usafi kupita kiasi. Kwa hiyo mwaka wa sabini na tano, kijiji chetu cha ujamaa kilipochimba bwawa la samaki, nani mwingine angepewa kulitunza? Vifaranga wa perege waliletwa kwa lori kutoka bonde la Rukwa, kwa mfugaji aitwaye Mwinjuma. Wenzao aliwabakiza kwake.

Kalista akafungulia mfereji wa kijito, maji yapite mchana na usiku. Bwawa likang'aa hadi chini. Jani likidondoka, analiokota. Mvua zikaja, zikaisha, kipupwe kikatukuta, na samaki ni wale wale wa urefu wa kidole. Hakuna aliyezaa.

"Mama Leonsi," mwenyekiti wetu Rafaeli akamwambia dada mkutanoni, "hao samaki ni wa kula au wa kutazama?"

Watu wakacheka. Ikaamuliwa kwamba samaki wasipozaa kabla ya mvua kuanza, bwawa lifukiwe, papandwe maharage. Dada alikuwa mjane, na bwawa lile ndilo lililokuwa likimtoa nyumbani asubuhi. Siku ile hakugusa ugali.

Tukadandia lori la mazao, tukateremka bondeni kwa Mwinjuma. Bwawa lake lilikuwa la kijani kama mlenda, na perege wake wanajaza sahani.

"Mbona maji machafu hivi?" dada akauliza.

"Hicho kijani ndicho chakula chao, dada. Yako yakoje?"

"Safi. Yanatembea."

"Yanatembea na baridi yote ile ya Ufipa? Basi kila siku unawaogesha maji ya alfajiri, halafu unashangaa hawakui wala hawazai."

Kurudi tu, dada akaziba mfereji. Kisha akakumbuka intumba, yale matuta yetu makubwa ambayo sisi Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Akabeba majani yaliyooza, akayarundika pembeni mwa bwawa.

"Kalista sasa analima majini," wakasema kisimani.

Harufu ile ilimtesa. Alikuwa akipita pale ameziba pua kwa kanga. Lakini jua la Oktoba lilipokaza, maji yakapata joto, yakawa kijani, na samaki wakaanza kuchimba vishimo vya kutagia.

Siku ya uamuzi wanakijiji wakavuta wavu. Samaki walikuwa wa kiganja cha mtoto.

"Wa bondeni wanajaza sahani," Rafaeli akasema.

"Wa bondeni wanalala kwenye joto. Kalale wewe kijitoni, ndugu mwenyekiti, tuone utanenepa vipi," dada akamjibu.

Akamwita ukingoni, akamwinamisha. Vifaranga walikuwa wametapakaa kama ulezi uliomwagika.

"Haya, wamezaa. Maharage tutayatafutia mahali pengine," Rafaeli akasema. "Na wawili wakubwa nifungie nipeleke nyumbani."

Kalista akamfungia mmoja.