Kidole cha Mjomba Kwenye Kitufe cha Sauti

Mjomba wangu ni fundi wa spika. Penye mkutano, harusi au msiba, yeye ndiye anayefunga nyaya, anapuliza maiki "haa, haa, moja mbili," kisha anakaa kimya mpaka watu waishiwe na maneno. Amesikia ahadi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukimwuliza siasa ni nini, atakwambia ni uchafu mtupu, huku akisugua maiki kwa pamba na spiriti.

"Mimi sina chama," husema. "Chama changu ni umeme."

"Na umeme wenyewe kila siku unakatika," mkewe humjibu.

Siku moja alirudi nyumbani hajatulia. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Wakati wa kula akatutobolea. Kesho yake kulikuwa na mkutano kuhusu uwanja wa kuanikia nguo, ambao mwenyekiti wa mtaa alitaka uwe maegesho ya malori. Mama Dobi, anayefulia nusu ya mtaa, hana pengine pa kuanika.

"Mwenyekiti kaniambia, yeye akivua miwani tu, mama yule apate hitilafu."

"Hitilafu gani?" nikauliza.

"Ya maiki, mpwa wangu. Ya kutengenezwa."

"Na utamkatia?"

"Kazi zote za mtaa ananipa yeye."

"Si ulisema huna chama?"

Mkewe akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mama Dobi alisimama, vidole vimechubuka kwa sabuni. "Jamani, mkitaka nianike juu ya malori, nitaanika. Ila mashuka yenu mtayafuata huko yanakokwenda!" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akavua miwani. Akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Nikamtazama mjomba. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Yeye akainua macho akaanza kukagua dari, kama anayetafuta panapovuja, na sauti ya Mama Dobi ikaendelea kutoka safi kabisa.

Kura zikapigwa, uwanja ukabaki. Mama Dobi akachaguliwa kuongoza kamati ya uwanja. Kazi za mwenyekiti zikakauka siku hiyohiyo, lakini mimi nilitembea kifua mbele. Siasa ni nzuri, nikajiambia, wazee wanaitukana bure.

Baada ya wiki sita Mama Dobi akaja kwetu.

"Shemeji," akamwambia mjomba, "Jumamosi kamati yangu inakuhitaji. Muuza mkaa anataka kona ya uwanja. Mkaa na mashuka meupe, wapi na wapi? Na yule akianza kusema hakamatiki. Umpunguzie kidogo tu."

"Nimpunguzie vipi?"

"Aah, shemeji! Wewe si fundi?"

Nilisubiri mmoja wao acheke. Hakuna aliyecheka. Siku tatu zilizobaki kabla ya Jumamosi nilimfuata mjomba chumba hadi chumba nikimwuliza atafanyaje, naye akanijibu kwa kunituma dukani.

Jumamosi, meza ya mitambo, ambayo siku zote huwekwa nyuma kwenye pembe, aliibeba mwenyewe akaitua katikati ya ukumbi, mbele ya watu. Akaketi, vidole vyote kumi juu ya meza, mbali na vitufe. Mama Dobi aliona, akafyonya.

Muuza mkaa alisema nusu saa nzima. Alianza na alivyozaliwa, akaingia kwenye goti lake linalomsumbua, akamsema shemeji yake aliyemdhulumu baiskeli. Kona yenyewe hata hajaigusa. Watu wakaguna, watoto wakalia. Mjomba hakugusa kitu. Nami kiti kilikuwa kinaniunguza, nilijipinda huku, nikajipinda kule, mpaka nikajisikia nasema, tena si kwa sauti ndogo: "Mzimie, mjomba. Mzimie tu!"

Mjomba akageuka, akanitazama, vidole vyote kumi bado viko palepale juu ya meza.