Maji ya Tatu

Leo nimeiua kazi yangu ya miezi minne kwa usafi.

Msinicheke, ngojeni kwanza.

Maabara natengeneza nukta za kwanta. Ni punje ndogo mno, jicho halizioni, lakini ukizimulika kwa taa ya zambarau chupa nzima inawaka kijani.

Kila punje imevaa molekuli za mafuta. Kichwa cha molekuli kinaushika uso wa punje, mkia unabaki nje. Ndiyo maana punje hazigandani.

Mafuta yaliyozidi huoshwa kwa spiriti. Mara mbili, basi.

Mie nikaosha mara ya tatu.

Kwetu mchele, vyombo, hata udhu, ni mara tatu. Mkono ulikwenda wenyewe, wallahi.

Nikawasha taa. Hamna kitu. Chini ya chupa, tope tu.

Bi Zuhura, mwalimu wangu, akaja kutazama.

"Umeosha mara ngapi?"

"Tatu, Bi Zuhura."

Akaiinua chupa, akalitazama lile tope.

"Mwanangu, mara mbili uliondoa yaliyozidi. Ya tatu umeyang'oa yaliyovaliwa na punje zenyewe. Zimebaki uchi, zikagandana."

"Zitarudi?"

"Hizi, hapana. Na dawa za kutengenezea nyengine zimekwisha."

Nimerudi nyumbani Mwanakwerekwe. Mama hajui lolote. Kanambia nkaoshe mikono tule.

Nkaosha mara ya kwanza. Ya pili.

Ya tatu nkalia pale pale bombani, maji yanakwenda.

Bado sijamwambia. Nyinyi mngemwambia vipi, na yeye ndiye alonifunza kuosha mara tatu?