Muuzaji Aliyesikiliza Milango

Kazi yangu ni kahawa. Kwa miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya meza ndefu kwenye kona ya duka la magari, nikiwahudumia watu ambao viatu vyao vinazidi mshahara wangu, na miguu imenivimba hadi najua kila kigae cha sakafu ile kilicholegea. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili ujue nilikuwa nimesimama wapi nikimwangalia Mlango.

Mlango si jina lake. Ni jina tulilompa sisi wafanyakazi, naye akalipokea bila kununa. Alikuwa muuzaji wetu mkongwe, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama na suti mbili za kijivu ambazo mkewe alizipiga pasi kwa zamu. Tulikuwa tunauza magari ya kifahari, yale ya milango minne ambayo yakisimama unadhani ni ya mtu mzima anayekwenda zake kazini, lakini ukikanyaga mafuta yanaondoka kama yametukanwa. Wauzaji wengine walianza na injini, wakataja nguvu zake, wakataja sekunde. Mlango hakufungua hata boneti. Alimkalisha mteja ndani, akamwambia, "Fumba macho," kisha akausukuma mlango kwa kiganja. Mlio ulikuwa mmoja tu, mzito na mfupi. Baada ya hapo alinyamaza mpaka mteja mwenyewe aseme neno, na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa kuuliza rangi zilizopo.

"Wewe ni mchawi," nilimwambia siku moja.

"Uchawi uko wapi, dada? Gari likitengenezwa ovyo wanaweza kulipaka rangi nzuri, wakalivisha ngozi. Lakini mlango utawaumbua."

Alikuwa na wateja waliomnunulia magari manne, matano, baba na baadaye mtoto. Walikuwa hawamuulizi bei kwanza. Walimuuliza, "Umelisikiliza?"

Kisha wakaja wale wa ng'ambo ya barabara. Walikodi jengo lililokuwa duka la samani, wakapanga humo magari yenye umbo la kufanana na yetu kiasi kwamba mlinzi wetu aliwahi kulipigia moja saluti. Bei yao haikufika hata nusu ya yetu. Tulicheka sana. Tuliyaita Sufuria, na nakiri kwamba jina hilo nililitoa mimi.

Kila mwaka walipoleta toleo jipya, Mlango alitumia saa yake ya chakula kuvuka barabara. Aliomba kwa adabu afunge mlango mmoja, akashukuru, akarudi kutoa hukumu mbele ya meza yangu. Mwaka wa kwanza alisema, "Debe." Mwaka wa pili akasema, "Debe lililovishwa nguo." Mwaka wa tatu alikoroga kahawa yake muda mrefu ndipo akasema, "Wanajifunza hawa." Mwaka wa nne alirudi, akaketi kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo haturuhusiwi, wala hakusema kitu.

"Vipi, kaka?" nikamuuliza.

"Nipe maji tu."

Mambo yetu nayo yalikuwa yanaharibika kimyakimya. Fundi wetu, mzee mwenye ulimi mkali, ndiye aliyetuonyesha. Makao makuu walikuwa wamebadilisha mpira wa mlango wakaweka mwembamba, na kitasa kikawa chepesi, ili wabane matumizi. Bei haikubanwa, ilipanda. Mlango aliandika barua tatu kuwaeleza. Walimjibu mara moja tu, wakimshukuru kwa mapenzi yake kwa kampuni.

Basi wateja wakaanza kuja, wakanywa kahawa yangu, wakakaa ndani ya gari, wakafumba macho, halafu wakafumbua na kuvuka barabara. Mmoja alimwambia wazi, "Mzee wangu, lile la ng'ambo linafika mwendo wa kilomita mia kwa sekunde nne. Lenu ni tano na ushee. Nieleze basi, hiyo bei mara mbili nalipia nini?" Mlango alimweleza kuhusu historia ya kampuni, mashindano iliyoshinda zamani, ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Nilimwona jasho linamtoka kwenye paji la uso ilhali kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Mteja alimpa mkono kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Mwezi huo Meneja alituita wote. Meneja wetu ni kijana wa suti za kubana. Si mtu mbaya, ila amewekwa mahali ambapo kila asubuhi simu ya makao makuu inamkoromea. Alisema katika wauzaji watatu atabaki mmoja. Mlango alikuwa na miaka hamsini na saba, na mitatu tu ilimtenganisha na kustaafu.

"Nikimwaga unga leo," aliniambia tukiosha vikombe, maana siku hizo alikuwa ananisaidia kuosha, "nani ataniajiri, dada? Nitakwenda kuwaambia watu kwamba najua kusikiliza milango?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikaacha.

Ndipo Meneja akazua shindano. Wateja wote wa zamani wangealikwa Jumamosi asubuhi. Magari mawili yangewekwa katikati ya duka, letu na Sufuria jipya lililokodishwa kwa siku moja. Mlango angekaa kwenye kiti, amefungwa kitambaa machoni. Fundi angefunga mlango wa gari moja, kisha wa jingine, na Mlango angetangaza gari bora ni lipi. Wateja walimwamini yeye kuliko matangazo yoyote. Akishataja letu mbele yao, wale wa ng'ambo wangekoma.

"Fanya hili," Meneja alimwambia, "na kiti kinachobaki ni chako mpaka ustaafu. Nakuahidi."

Halafu akanigeukia mimi. Kwa usalama tu, alisema, nisimame karibu na kiti cha mzee na sinia langu. Mlango wa gari letu ukifungwa, nikohoe.

"Si udanganyifu," akaongeza haraka. "Ni kumkumbusha tu."

Nilimwangalia Mlango, yeye akaangalia viatu vyake, halafu akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, nina wajukuu wawili nyumbani ambao mama yao hajulikani alipo, na kukohoa si dhambi.

Jumamosi walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Daktari alikuwepo, yule aliyenunua kwake magari matano, pamoja na mwalimu mkuu mstaafu na mwanawe. Walisimama nusu duara, vikombe mikononi, wakitaniana. Meneja alikaa nyuma yao karibu na spika za muziki, akiwakaribisha waliochelewa. Mlango alifungwa kitambaa cheusi. Bila macho yake alionekana mzee zaidi, nikatamani mtu amfungue.

Fundi akafunga mlango wa kwanza. Ulikuwa wa gari letu. Nikakohoa, kidogo, kama mtu aliyepaliwa na mate.

Akafunga wa pili.

Mungu anisamehe, hata mimi niliyetoa jina la Sufuria nilisikia. Ulifunga mzito na mfupi, na baada yake hakikubaki chochote kinachotetemeka. Wetu ulikuwa umeacha kijimlio kidogo nyuma, kama kijiko kilichosahaulika ndani ya kikombe.

"Rudia," Mlango akasema.

Fundi akarudia. Nilikohoa tena kwa letu, safari hii kwa nguvu kidogo, na mkono wangu ukamgusa begani. Nilimwomba kwa mkono ule. Nilikuwa namwambia, kaka, miaka mitatu tu, sema.

Alikaa kimya muda mrefu, ule ukimya wake wa siku zote, ila sasa alikuwa yeye anayepaswa kusema neno.

"La pili," akasema.

Watu wakapiga makofi. Walidhani la pili ni letu, kwa kuwa magari yalifanana na hakuna aliyefikiri ingekuwa vinginevyo. Fundi alisimama amekishika kitasa cha Sufuria, hajui aweke wapi uso. Daktari ndiye aliyeona kwanza mkono wa Fundi uko kwenye gari lipi. Aliacha kupiga makofi, na wengine wakaacha mmoja mmoja. Mlango akajivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye sinia langu.

Wateja waliondoka wakisema asante. Wanne kati yao walivuka barabara moja kwa moja, bila hata kuzunguka ili wasionekane.

Nilimfuata Mlango stoo, nimekasirika. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili, dada."

"Sasa umejifanya shujaa ili iweje? Mkeo atakula ushujaa?"

Alikaa juu ya katoni ya maziwa. "Shujaa gani," akasema. "Nimechoka. Wale wote walinunua kwa sababu nilisema sikiliza. Nikawaza, niwadanganye leo, halafu kesho niamke nianze tena kuwadanganya, na kesho kutwa tena, miaka mitatu. Nguvu hiyo sina. Kusema kweli kulikuwa kazi nyepesi."

Nikampa maji.

Jumatatu Meneja alituita wote wawili ofisini. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu. Hakumgeukia Mlango kwanza, alinigeukia mimi.

"Nilikuwa nyuma, sikusikia kikohozi hata kimoja," akasema. "Nilikupa kazi moja, Mama Kahawa. Moja. Makao makuu wanataka kujua nani ameharibu, na mimi lazima nipeleke jina. Ulikohoa au hukukohoa?"

Nilifungua mdomo. Nikisema nilikohoa, basi mzee alifanya makusudi, na anayefanya makusudi hafukuzwi hivihivi. Kuna mafao ya miaka ishirini na minne yatakayokwenda na maji. Nikisema sikukohoa, wajukuu wangu watakula nini?

"Alikohoa," Mlango akasema.

"Sasa?"

"Masikio yangu, bosi. Yamekwisha. Ni mwaka wa pili huu nawaficha." Akaligusa sikio lake la kushoto, akatabasamu kama mtu mwenye aibu. "Hata kikohozi chake sikukisikia, na amesimama hapa pembeni; Fundi ndiye aliyeniambia baadaye. Nilibahatisha tu."

Meneja alimtazama kwa muda. Niliona mzigo unamshuka mabegani, kwa sababu jambo hilo lilielezeka. Mzee kiziwi ni jambo la huruma, halina lawama, na halisemi lolote juu ya magari yetu. Alimshika mkono, akamwambia atastaafishwa kwa sababu za kiafya na kulipwa haki zake zote. Mchana huohuo wateja wote wa zamani walitumiwa barua. Kampuni ilisikitika kuwajulisha kwamba mwenzetu mpendwa amekuwa na tatizo la kusikia kwa muda sasa, na kwamba matokeo ya Jumamosi yasitiliwe maanani.

Wawili kati ya wale wanne walirudi, wakanunua kwetu.

Mlango alitoka na katoni moja ya vitu vyake. Mlangoni nilimwambia, "Kaka, nitawaambia ukweli." Akasema, "Utawaambia, halafu iweje? Nenda kapumzishe miguu." Nilirudi kwenye meza yangu. Sikuwaambia wiki ile. Mwezi uliofuata pia sikuwaambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kulipwa mshahara wa mwezi mwingine.

Jana Daktari alipita. Hakuja kununua, alikuja kuchukua kibandiko cha bima. Nilimwekea kahawa yake isiyo na sukari, akanywa amesimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi ni kweli yule mzee alikuwa kiziwi? Mimi ni daktari, Mama Kahawa. Miaka yote ile sikuwahi kuona dalili."

Alinisubiri. Alikuwa ananitazama usoni, na dukani hapakuwa na mtu mwingine.

"Kiziwi kabisa," nikasema. "Masikini."