Siku Jogoo wa Mama Alipoingia Tunduni

Aibu niliyoipata Idi ile sijaipata tena, na namwomba Mungu nisiipate, na ninaiandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu ambao siku hiyo hata kiwanjani hawakuwapo, kila mmoja anaongeza chumvi yake, mpaka juzi nimesikia sokoni eti nililia nikajifunika kapu kichwani. Sikujifunika kapu. Kulia nililia, sikatai, lakini kapu halikuwapo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa nafanya kazi Chikongola, hapa Mtwara, kwa Bwana Salehe, kwenye chumba chake cha kuchapa nguo. (Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikieleza vibaya mnivumilie.) Kazi yenyewe ni hivi: unachukua fremu ya mbao, unawamba juu yake kitambaa chepesi cha hariri kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, unaziba kwa gundi pale usipotaka rangi ipite, unailaza fremu juu ya nguo, unamimina rangi na kuivuta kwa kipande cha mpira, na ukiinua, picha imebaki kwenye nguo. Fremu ndiyo kila kitu. Ikipinda fremu, na picha imepinda. Hayo nilikuwa nayajua, msidhani nilikuwa sijui kitu kabisa.

Sasa mama yangu alikuwa kwini, yaani kiongozi, wa chama cha ngoma ya lelemama cha mtaani kwetu, chama cha Jogoo, na Idi iliyotangulia chama cha Mikindani kilikuwa kimewashinda kwa miavuli (walikuja na miavuli ya rangi moja wakaifungua kwa mkupuo, watu wote wakahamia kwao, akina mama wakabaki wanajichezea wenyewe kama wanatwanga). Tangu siku ile Bi Somoe, aliyekuwa msaidizi wa mama, alikuwa anasema waziwazi, mama akiwa amekaa hapo hapo, kwamba tukiaibika tena chama kitafute kwini mwingine. Sitamsema vibaya Bi Somoe, alikuwa anacheza vizuri kuliko wote na uchungu wa chama alikuwa nao, ila na kiti alikuwa anakitaka. Mama akaja dukani kwa Bwana Salehe.

"Zuhura, nataka jogoo," akasema. "Mwanamke akigeuka, mtu asione kitu kingine ila jogoo."

"Mkubwa kiasi gani, mama?"

Akatanua mikono mbele ya tumbo lake, akaangalia, akaona haitoshi, akatanua tena. "Huyo. Mwekundu. Na tukikosa safari hii, mwanangu, mimi ngoma basi, nitakaa barazani nimenye mihogo."

Fremu zetu zote zilikuwa ndogo, za leso na mifuko. Bwana Salehe akaniambia niende kwa Fundi Nampoto seremala nikachague kubwa, "na ukiikuta ya mninga, chukua hiyo." Alisema, namshuhudia. Lakini aliyekuwa anainua na kushusha fremu kutwa nzima alikuwa nani, yeye au mimi?

Fundi Nampoto akanitolea tatu. Ya kwanza mninga, nzuri, imekauka, lakini nilipoinyanyua nikahisi kiuno kinanipigia kelele. Ya pili aliiunga kwa mbao za makasha ya bandarini, ina matundu ya misumari kila mahali. Ya tatu nyeupe, laini, nyepesi, imenyooka, pembe zake zimekutana vizuri hata ukucha haupiti, na bado ina kijiganda pembeni ambacho niliona kama urembo. (Urembo! Jamani.) Nikaikumbatia ile ya tatu pale pale. Mti gani, sikuuliza, na hapo ndipo palipoharibikia pote.

"Hiyo nimeipasua juzi tu, dada," fundi akasema. "Iache kivulini kwanza."

"Idi keshokutwa, fundi."

"Haya. Mwenye kazi ni wewe."

Basi nikachapa. Shuka nyeupe za kitambaa cha marekani, moja baada ya nyingine, jogoo mwekundu kifua mbele, mkia umepanda, hata mimi mwenyewe nikasema leo Mikindani watakoma. Kweli viganja vilianza kuniwasha, nikasema ni rangi, nikapaka mafuta ya nazi nikaendelea. Kweli pia kila nilipoinua fremu ilikuwa inaacha kimstari cha unyevu kuzunguka jogoo, kama cha maji, nikakitazama, kikakauka, hakikuonekana tena, nikasahau. Na hapa naomba niulize kitu kinachoniuma mpaka leo: shuka zile zilipita mikononi mwa chama kizima, wakazikunja, wakazipiga pasi, wakajipima na kujigeuzageuza, mbona hakuna hata mmoja aliyeona kitu? Macho yalikuwa yangu peke yangu?

Siku ya Idi kiwanja kilijaa. Mikindani upande ule, sisi upande huu, na mimi safu ya nyuma kabisa kwa sababu kucheza sijui sana, nafuata mikono ya wenzangu. Mama mbele akapaza sauti: "Geukeni!" Tukageuka, na watu waliposhangilia hata upatu haukusikika. Waliokuwa wanatazama Mikindani wakaanza kuvuka kuja kwetu. Bi Somoe mwenyewe alicheka meno yote nje. Nikamwona mama shingo imesimama kama jogoo wake, na mimi, niseme ukweli, nikajiona ni mtu.

Tukarudi kutazama mbele, kwa hiyo mimi huku nyuma nikawa naangalia migongo. Jua la saa nane, jasho, vumbi. Nikaona kwenye shuka ya Bi Somoe, kuzunguka jogoo, mstari kama chai iliyomwagika. Nikadhani ni jasho. Nikatazama shuka ya pili, mstari. Ya tatu, mstari, pembe nne, umenyooka kama umepigwa kwa rula, na ile chai huku natazama inageuka kahawa, na kahawa inageuka masizi, na ndipo nikaelewa, maana mimi nimezaliwa Madimba, chini ya mikorosho, nimechapwa utoto wangu wote kwa doa la bibo, tunda la mkorosho, kwenye gauni, doa ambalo likiwa bichi hulioni na likipigwa jua linakuwa jeusi na haliondoki mpaka nguo inachanika. Utomvu wa mkorosho! Ile fremu nyeupe, nyepesi, mimi mtoto wa Madimba, viganja vinaniwasha kama vya mbangua korosho, nisijiulize!

Nikataka kumwita mama. Ningemwambiaje? Mikono inapunga, upatu unalia, na yeye ameshavuta pumzi ya kupaza sauti mara ya pili. Nikasema kimoyomoyo, mama usiseme, usiseme.

"Geukeni!"

Tukageuka. Safari hii hakushangilia mtu. Kicheko kimoja, halafu kiwanja kizima. Kila mwanamke alikuwa amebeba mgongoni jogoo mwekundu ndani ya boksi jeusi. Na Mikindani, ambao ulimi haujawahi kuwalalia, hawakungoja hata kidogo, kwini wao akaanza na wenzake wakaitikia:

"Jogoo yumo tunduni, leo hatawika tena,
Mchinjaji yu njiani, mchuzi tutauona!"

Akina mama wetu wakaanza kujipindapinda wajione migongo, kama kuku anayetafuta mkia wake, safu ikavunjika, mmoja akavuta shuka ya mwenzake, wakagongana. Bi Somoe akatoka kwenye mstari akasimama mbele ya mama.

"Haya, kwini," akasema kwa sauti ya kusikika. "Tufanyeje sasa? Maana kazi ni ya binti yako."

Mama akaivuta shuka yake akatazama. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, nami nikanyoosha viganja vyangu vyenye malengelenge, sijui nilitaka kumwonyesha nini. Akavitazama. Nikaona ameelewa, naye ni mtu wa Madimba. Nikasema sasa atalia, au atavua shuka aondoke, na mihogo barazani ndiyo hiyo.

Mama akakohoa, akawageukia Mikindani, akaimba:

"Tundu kajenga Zuhura, ni binti yangu mjinga,
Jogoo hana papara, ndani bado anaringa!"

Na aliponitaja alininyooshea kidole! Kiwanja kizima kikageuka kunitazama. Vicheko vikahama kwa mama vikaja kwangu, vizima vizima, hata kimoja hakikudondoka njiani. Bi Somoe akaangua kicheko, akashindwa kujizuia, akarudi kwenye mstari akaitikia, na chama chote kikaitikia, wakacheza wamewapa watu migongo makusudi, wanatikisa yale matundu, na Mikindani wakaimba mpaka sauti zikawakauka na hakuna aliyewatazama tena. Hapo ndipo nililia. Bila kapu.

Kesho yake nikaenda kwa Fundi Nampoto kugomba. Aliniacha nikagomba mpaka nikamaliza. "Mkorosho, dada," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia." Nikaondoka na hasira zangu kama nilivyokuja nazo.

Mama alibaki kwini mpaka alipoamua mwenyewe kupumzika. Mimi nikabaki Zuhura wa Tundu. Harusi gani hawauimbi ule wimbo? Watoto waliozaliwa juzi wananiimbia njiani, hawajui hata tundu lenyewe ni lipi. Nimejaribu sana kuwa mwenye haki: najua asingenitaja mimi angeanguka yeye, na labda ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Lakini "mjinga"? Mbele ya Mikindani? Si palikuwa na maneno mengine?

Nikaapa, na kiapo nimekishika: fremu haiingii mikononi mwangu kabla sijaambiwa jina la mti, nikaikwangua kwa kisu, nikainusa, na mafundi wakicheka wacheke. Nikaapa pia kutochapa tena sare ya ndugu. Hicho hakikudumu, maana Idi iliyofuata mama alikuja dukani na chama chake chote, wanataka shuka mpya, jogoo yule yule, na tundu lake. Nikakataa. Bwana Salehe akaniambia kazi ni kazi. Basi nikachukua fremu ya mninga, nzito hivyo hivyo, nikauchora ujinga wangu kwa rula, pembe nne, nikauchapa kwa rangi nyeusi ya dukani, shuka baada ya shuka, kiuno kinalia.

Mama akaichukua ya kwanza, akaishika kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mstari.

"Si baya," akasema. "Ila lile la kwanza lilikolea zaidi."