Vidole Nilivyovificha

Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta maneno yangu yamepandana, univumilie. Nililolijua mimi ni gitaa. Mtaa wetu wote wa Nyakabiga ulikuwa unajua hivyo, na mimi nilijua kuwashinda wote, ndipo ubaya ulipoanzia.

Orkesta yetu ilikuwa inapiga Jumapili mchana, katika baa moja yenye ua wa saruji. Mimi nilikuwa solo, gitaa la kuongoza. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao, ukifika katikati, nilishuka kutoka nyuzi nyembamba mpaka nene bila kukatika, na watu wakaacha kutafuna brosheti zao za nyama. Nikifika hapo niliwapa mgongo. Waliodhani ni madaha walikosea. Nilikuwa naficha vidole. Wapiga solo wengi wa wakati ule tulikuwa hivyo: mtu akiviona vidole vyako, juma lijalo kipande chako unakisikia mtaa wa Cibitoke, na anayekipiga anaapa ni chake.

Gitaa la kusindikiza lilikuwa la kijana mmoja wa hukohuko Cibitoke, fundi wa kuchomelea milango. Mikono yake ilijaa makovu ya cheche, lakini ilikuwa miepesi. Nyuzi zikikatika, yeye ndiye aliyekwenda mtaa wa maduka wa Asiatique kwa mzee mmoja wa vipuri, ananunua waya wa breki za baiskeli, tunauchambua uzi mmoja mmoja. Zililia vizuri, hizi za leo hazizifikii. Haya, nilikuwa nasema habari za huyo kijana.

“Mukubwa,” aliniambia, “unionyeshe tu pale unaposhukia. Mara moja.”

“Siku ingine,” nikamjibu.

Aliniomba kabla hajaoa, akaniomba akiwa na watoto, akaniomba akiwa na mvi. Jibu langu halikubadilika. Yeye hakuninunia. Na kidogo alichokijua alikigawa: kila mtoto aliyesimama mlangoni pa karakana yake aliondoka anajua kushika wimbo mmoja au miwili. Nilimcheka, nikamwambia anawafundisha watakaomnyang'anya kazi.

Alikufa kwa ugonjwa wa ini. Siku ya kumaliza kilio, mjane wake alitutangazia kwamba familia na wanafunzi wa zamani wameanzisha mfuko wa kumkumbuka, wa kununua magitaa na kulipa walimu, ili watoto wa mitaa yetu wajifunze muziki bila kutoa kitu. Tukapiga makofi. Kisha akanitazama. Akasema marehemu aliwaambia watoto siku zote kwamba aliyemfundisha ni mimi, kwa hiyo wananingoja ukumbini kila Jumamosi niwafundishe.

Hapo ndipo pa kusema, na sikusema. Nilisimama na chupa yangu mkononi, nikashukuru, nikaahidi kwamba nitakuja. Nilikuwa sijamfundisha huyo mtu hata uzi mmoja.

Tena mkono wenyewe wa kushoto ulikuwa umekwisha. Tangu nilipopooza upande, vidole viwili vimejikunja havifunguki. Kikombe cha chai nakishika. Shingo ya gitaa, hapana.

Jumamosi nikaenda hata hivyo. Watoto wakasimama ukumbi mzima kwa ajili ya mwalimu wa mwalimu wao, nami nikakaa upesi ili na wao wakae. Msichana mmoja, binti wa mshonaji wa Nyakabiga, alikuwa anaujifunza wimbo wetu ule kwa siku ya kumkumbuka marehemu. Akaupiga. Alipofika pale pa kushukia nikasikia kitu nisichokijua. Kilifanana na changu, lakini kilizunguka njia nyingine. Marehemu alikitunga kwa kusikia tu, miaka yote ile aliyosimama pembeni yangu.

Yule msichana akasimamisha nyuzi kwa kiganja. “Mwalimu alisema hapa si penyewe,” akasema. “Alisema penyewe unapajua we, tonton. Nionyeshe.”

Nikainua mkono wangu mbele yake.

“Mi sikumufundisha mwalimu wenu,” nikamwambia. “Aliniomba, nikakataa. Wewe sikukatalii. Lakini angalia.”

Aliuangalia mkono. Nilitazamia aseme neno baya, maana nilistahili.

“Basi imba,” akasema. “Mi nitatafuta.”

Tangu hapo kila Jumamosi naimba kwa sauti hii mbovu, naye anatafuta. Majina ya sauti siyajui, kwa hiyo namwambia panda, shuka, apana, rudi nyuma kidogo. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinajua, mimi mwenyewe sikuwahi kujua. Mwanzo tumeupata. Pale katikati amepapiga namna nyingi, zote nzuri, na hakuna iliyo yenyewe. Jumamosi iliyopita aliniuliza kama sasa ndiyo, nikafumba macho niisikilize yangu kichwani nipate kulinganisha, na iliyokuja ilikuwa ya marehemu.