Chumba cha Ndani

Juzi nilipita Msambweni nikaikuta nyumba ya mawe ya babu imeporomoka paa. Boriti zimelala juu ya vifusi vya chokaa, na chumba cha ndani, ambacho hakikuwa na dirisha, kimejaa jua.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, mlango wa chumba hicho ulifungwa. Nilisikia maji yakimwagwa, nikanusa udi na kafuri.

"Mama yuwapi?" nilimwuliza shangazi.

"Anaoshwa, mwanangu. Kakae barazani."

Nilifurahi, maana mama alikuwa haamki kitandani. Sikujua kuwa wazee walikijenga chumba kile kwa ajili ya kuzalia na kuoshea maiti. Nilikimbia kwa jirani yetu, Bi Mwanasha, nikamwambia mama amepona, anaoga.

Alinikumbatia, akaniuliza kama nimekula.